Kuuzika kwa nani? Rangi, vyama na mgombea urais wa Marekani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binamu yangu anaishi Columbus, Ohio. Ameshapata uraia, anapiga kura, na ni mtu wa Democratic damu damu. Tangu Kamala Harris ashindwe, kila tukipigiana simu ananiambia chama chao kisithubutu tena kumsimamisha mtu mweusi kugombea urais, kwa sababu kwa wazungu hauziki. Yeye mwenyewe ni mweusi kama mimi! Namwambia anajibagua, tunaishia kununiana. Je, maneno yake si ubaguzi? Na kama ni kweli, Obama alishindaje? Halafu kuna jambo linanitatiza siku zote: Lincoln aliyewakomboa watumwa alikuwa Republican, ilikuwaje weusi wakahamia Democratic? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Naomba nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ugomvi wako na binamu yako umezaliwa humo.

Chama cha Republican kilianzishwa mwaka 1854 na watu waliopinga utumwa kuenezwa katika maeneo mapya ya magharibi. Lincoln alichaguliwa mwaka 1860, vita vikapiganwa, utumwa ukafutwa kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba mwaka 1865, na mwaka 1870 Marekebisho ya 15 yakakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huohuo Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti. Alikuwa Republican. Democratic wakati ule kilikuwa chama cha mabwana wa kusini, na mtu mweusi aliyekipigia kura angeonekana amerogwa.

Kisha majeshi ya serikali kuu yakaondolewa kusini mwaka 1877, na weusi wa huko wakaanza kunyang'anywa kura zao moja baada ya nyingine: kodi ya kupigia kura, mitihani ya kusoma iliyotungwa ili wafeli, na kwa aliyebaki mbishi, vitisho na kamba. Waliohamia kaskazini, Chicago, Detroit, Philadelphia, ndio waliobaki na kura mkononi. Hao ndio waliogeuka kwanza. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwakuta hawana kazi, Franklin Roosevelt akaja na miradi ya ajira, na kufikia uchaguzi wa 1936 wengi wao walikuwa wamehama chama cha Lincoln. Mwaka 1948 Harry Truman aliamuru ubaguzi ukomeshwe jeshini. Mwaka huohuo Wademokrati wa kusini, waliochukizwa na msimamo wa chama juu ya haki za kiraia, walijitenga na kumsimamisha Strom Thurmond wa South Carolina kuwania urais kwa tiketi ya ubaguzi wa waziwazi. Alichukua majimbo manne.

Mlango ulifungwa mwaka 1964. Lyndon Johnson, Mdemokrati kutoka Texas, alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai. Bungeni, ukitazama kwa uwiano, Warepublican waliiunga mkono sheria ile kuliko Wademokrati, kwa sababu Wademokrati wa kusini waliipinga kwa nguvu zote. Lakini Republican mwaka huo kilimsimamisha Barry Goldwater, seneta aliyeipigia kura ya hapana. Goldwater alipigwa vibaya nchi nzima, ila akashinda jimbo lake la Arizona na majimbo matano ya kusini kabisa, kule ambako chama chake kilikuwa hakiwekwi hata mezani. Thurmond akahamia Republican mwaka huohuo. Tangu hapo, karibu katika kila uchaguzi wa rais, takriban weusi 9 kati ya 10 humpigia Mdemokrati. Na tangu Johnson, hakuna mgombea urais wa Democratic aliyepata zaidi ya nusu ya kura za wazungu. Hakuna hata mmoja.

Shika mambo hayo mawili kwa pamoja. Chama hakiwezi kushinda bila weusi, na hakiwezi kushinda kwa weusi peke yao. Ndiyo maana mjadala wa nani anauzika unawatesa Wademokrati kuliko wenzao, na ndiyo maana unapoibuka, mtu anayejadiliwa bila kutajwa karibu kila mara ni mpiga kura mzungu.

Hilo lisikufanye udhani wazungu wa Republican hawamchagui mtu mweusi. Mwaka 2010, huko huko South Carolina, wapiga kura wa Republican katika mchujo wa ubunge, yaani kura ya chama kumpata mgombea wake, waliletewa wagombea wawili wa mwisho: Tim Scott, mweusi, na Paul Thurmond, mtoto wa Strom yuleyule. Wakamchagua Scott, ambaye baadaye akawa seneta. Chama na rangi ni vitu viwili vinavyofungana, lakini si kitu kimoja, na wapiga kura wengi huangalia chama kwanza.

Sasa tuje kwa binamu yako.

Mtu anaposema mgombea fulani hauziki, hasemi yeye anamwonaje. Anasema anavyodhani watu wengine watamwonaje. Katika mchujo wa Marekani hili lina uzito mkubwa, kwa kuwa majimbo hayapigi kura siku moja. Yanapokezana kwa miezi, na kila jimbo linatazama la kabla yake lilifanya nini. Basi mpiga kura wa chama anajikuta ana maswali mawili kichwani: nampenda nani, na jirani yangu nisiyemjua, kule Pennsylvania au Wisconsin, atamkubali nani? Mara nyingi swali la pili hulimeza la kwanza.

Mfano mkubwa ni wa Obama mwenyewe. Watu wetu wengi, hasa upande wa Kenya kwa sababu ya Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake, wanakumbuka shangwe za Novemba 2008 na ile sikukuu ya taifa aliyoitangaza Rais Kibaki. Wanasahau kwamba mwaka mmoja kabla yake weusi wa Marekani wenyewe walikuwa wamegawanyika juu ya Obama. Kura kadhaa za maoni za mwaka 2007 zilimwonyesha Hillary Clinton, mpinzani wake ndani ya chama, akimzidi hata miongoni mwa weusi. John Lewis, mbunge wa Georgia, alimuunga mkono Clinton. Nakuomba umjue Lewis ni nani: tarehe 7 Machi 1965 alivunjwa fuvu la kichwa na polisi kwenye daraja la Selma, Alabama, akidai haki ya kupiga kura. Utamwambia mtu huyo kwamba anajibagua?

Hakuwa anajibagua. Lewis na wenzake walikuwa na uhusiano wa miaka mingi na akina Clinton, na juu ya hilo walikuwa watu waliowajua wazungu wa nchi yao kwa kovu. Walimwona Shirley Chisholm, mbunge wa kwanza mwanamke mweusi, akigombea mwaka 1972 na kuachwa hata na wanasiasa weusi wenzake. Walimwona Jesse Jackson akigombea mwaka 1984, kisha mwaka 1988 akipata karibu kura milioni 7 katika mchujo, na bado wakubwa wa chama wakaulizana wamfanye nini huyu. (Jackson hakuambulia patupu, jambo ambalo nitalirudia.) Mtu aliyeona hayo yote akisema "hawatamchagua" anatoa ushahidi wa maisha yake. Ushahidi wa maisha unaweza kupitwa na wakati, lakini haugeuki kuwa chuki.

Kilichowageuza hakikuwa hotuba. Tarehe 3 Januari 2008, Iowa, jimbo ambalo zaidi ya wakazi 9 kati ya 10 walikuwa wazungu, lilimpa Obama ushindi kwa karibu asilimia 38, na Clinton akawa wa tatu. Siku 23 baadaye South Carolina ilipiga kura, na zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo huo walikuwa weusi. Obama alipata asilimia 55, Clinton 27. Wazungu wa Iowa ndio waliowaonyesha weusi wa South Carolina kwamba inawezekana. Mwezi uliofuata Lewis naye akahama, akaenda kwa Obama. Mtu yuleyule mwenye kumbukumbu zilezile alibadilika baada ya wiki nane, kwa kuwa kile alichokuwa anakikisia kilipimwa mbele ya macho yake.

Na hapa ndipo Jackson anaporudi. Baada ya mwaka 1988 alikibana chama kibadili kanuni, ili wajumbe wa mkutano mkuu unaomteua mgombea wagawanywe kwa uwiano wa kura katika kila jimbo badala ya mshindi kuondoka na mzigo wote. Miaka 20 baadaye kanuni hiyo ilimbeba Obama: hata katika majimbo makubwa aliyoshindwa, kama California na New York, aliondoka na wajumbe wengi. Aliyeambiwa hauziki ndiye aliyelima shamba alilovuna mwenzake.

Kuna hofu nyingine ambayo huenda binamu yako ataitaja: kwamba wazungu humwambia mwenye kuhoji jambo moja, kisha wakifika kwenye sanduku wanafanya jingine. Hofu hiyo ina jina la mtu. Tom Bradley, meya mweusi wa Los Angeles, aligombea ugavana wa California mwaka 1982. Kura za maoni zilimpa ushindi, akashindwa na George Deukmejian, mzungu wa Republican, kwa pengo la takriban asilimia moja tu. Kuanzia siku hiyo kila mgombea mweusi aliyeongoza katika kura za maoni aliambiwa akumbuke yaliyompata Bradley. Mwaka 1989 kule Virginia, Douglas Wilder, mweusi aliyegombea ugavana, alionekana anaongoza kwa pointi nyingi, akashinda kwa kura 6,741 tu. Watu wakasema, mmeona?

Lakini hata kisa cha Bradley hakijanyooka kama kinavyosimuliwa. Aliongoza katika kura zilizopigwa vituoni siku yenyewe. Zilizomwangusha ni kura za posta, ambazo wapinzani wake walizihamasisha kwa bidii. Tena mwaka ule palikuwa na pendekezo la kudhibiti bastola, lililowatoa nyumbani wapiga kura wengi wasiompenda. Mtafiti Daniel Hopkins alipopitia chaguzi nyingi za magavana na maseneta, alikuta pengo hilo kati ya kura za maoni na kura halisi lilikuwepo kweli mpaka mapema miaka ya 1990, kisha likatoweka. Mwaka 2008, waliongoja Obama apatwe na ya Bradley walingoja bure.

Je, nasema rangi haikumgharimu Obama? Ilimgharimu. Mchumi Seth Stephens-Davidowitz alipima, kwa kutumia maneno ya kibaguzi ambayo watu huyatafuta kwenye Google wakiwa peke yao, maeneo gani yana chuki zaidi, kisha akalinganisha kura za Obama na zile alizopata John Kerry, mzungu, mwaka 2004 katika maeneo hayohayo. Makadirio yake ni kwamba chuki ilimnyang'anya Obama takriban pointi 4 za kura za nchi nzima. Pointi 4 si mchezo. Kuna marais wameshinda au kushindwa kwa chini ya hapo. Hata hivyo Obama alimshinda John McCain kwa pointi 7, akachukua Virginia na Indiana, majimbo ambayo Wademokrati hawakuwa wameyaonja tangu 1964. Na kwa mujibu wa hojaji za vituoni, sehemu ya wazungu aliyopata, asilimia 43, ilizidi kidogo ile ya Kerry.

Kwa hiyo gharama ipo, ila gharama haimaanishi haiwezekani. Kila mgombea ana gharama yake na faida yake. John Kennedy aliambiwa mwaka 1960 kwamba Mkatoliki hauziki, na waliosema hivyo walikuwa na mfano mkononi: Al Smith, Mkatoliki, alikuwa ameangushwa vibaya mwaka 1928. Wakubwa wa chama waliokuwa Wakatoliki walikuwa miongoni mwa wenye hofu. Kennedy akaenda West Virginia, jimbo lililojaa Waprotestanti, akashinda mchujo, na hoja ikakosa miguu.

Sasa nikuambie kinachoniudhi katika mjadala huu, kwa miaka yote niliyoufuatilia. Hesabu yake hufanywa upande mmoja. Mei 2008, Clinton akiwa anaelekea kushindwa, aliliambia gazeti moja kwamba Obama anazidi kupoteza uungwaji mkono wa Wamarekani wachapa kazi, Wamarekani wazungu. Siku chache baadaye alimchapa Obama West Virginia kwa asilimia 67 dhidi ya 26, na wafuasi wake wakaonyesha matokeo hayo kama cheti cha kuuzika. Hakuna aliyesimama kwa sauti ileile kuuliza: na mgombea huyu mwingine anauzika kwa weusi wa Detroit kule Michigan na Milwaukee kule Wisconsin kiasi gani? Ilichukuliwa kwamba hao wapo tu. Kwamba hawana pa kwenda.

Pa kwenda wanapo: nyumbani. Takwimu za Idara ya Sensa zinaonyesha kwamba mwaka 2012, Obama akiwa mgombea, asilimia 66.6 ya weusi wenye haki ya kupiga kura walisema walipiga kura. Mwaka 2016, Clinton akiwa mgombea, walikuwa asilimia 59.6. Mwaka huo Clinton alizidi kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima, lakini, kwa kuwa urais huamuliwa kwa hesabu ya majimbo, akaukosa kwa sababu ya Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, ambako jumla ya pengo la majimbo yote matatu ilikuwa kama kura 78,000. Wazungu waliohama ni wengi, sikatai. Zaidi ya kaunti 200 zilizomchagua Obama mara mbili zilimchagua Donald Trump mwaka huo. Lakini kura ya aliyehama inahojiwa na kila mwandishi wa habari, na ya aliyebaki kitandani haihojiwi na mtu. Mgombea anayeambiwa anauzika kwa kila mtu huwa amepimwa kwa nusu tu ya wateja.

Jambo jingine ni kwamba maneno haya hujitimiza yenyewe. Mtafiti Regina Bateson alichapisha mwaka 2020 kazi inayoonyesha kwamba Wamarekani wakipewa wagombea wa kubuni wenye sifa sawasawa, huwaona wanaume wazungu kuwa wanauzika zaidi kuliko wanawake, wazungu kwa weusi. Wanawaza hivyo hata wao wenyewe wakiwa hawana neno na mgombea huyo. Basi mfadhili anazuia hela akihofia mpiga kura, mpiga kura anazuia kura akihofia jirani, mgombea anaishiwa pesa kabla ya jimbo la kwanza, na wote wanasema, si tulisema?

Mwaka 2020 weusi wa South Carolina walifanya hesabu yao tena. Joe Biden alikuwa ametoka wa nne Iowa na wa tano New Hampshire; magazeti yalishamchimbia kaburi. Tarehe 26 Februari Jim Clyburn, mbunge mweusi mwenye heshima kubwa jimboni, alimuunga mkono, na siku tatu baadaye Biden akashinda kwa karibu nusu ya kura zote mbele ya umati wa wagombea. Wengi walimpenda, tena walimjua kwa miaka minane ya umakamu. Lakini wengi pia walikuwa wanamchagua mtu waliyeamini wazungu watamkubali, ili Trump aondoke. Walipatia. Ndiyo maana sikubaliani nawe unapomwambia binamu yako anajibagua. Anafanya walichofanya wale wazee wa South Carolina: anahesabu madhara ya kushindwa, akijua yakitokea yatamfikia yeye kwanza.

Ninachotofautiana naye ni ushahidi. Anachukua uchaguzi mmoja na kuugeuza kuwa sheria. Harris aliingia baada ya Biden kujitoa tarehe 21 Julai 2024, akabaki na siku 107. Alikuwa makamu wa Biden, rais ambaye wananchi walikuwa wamemchoka, bei za vyakula zikiwa zimepanda na hoja ya wahamiaji wa mpaka wa kusini ikimlemea. Alipata asilimia 48.3 dhidi ya 49.8 za Trump. Katika hizo zilizopungua, ngapi ni za rangi, ngapi za jinsia, ngapi ni za bei ya mayai? Hakuna awezaye kuzichambua kwa uhakika kama anavyosema binamu yako. Tena mwaka huohuo Trump aliongeza kura miongoni mwa wanaume weusi na Walatino, jambo ambalo halielezeki kwa kusema tu kwamba wazungu hawamtaki mweusi.

Mkipigiana simu tena, mrudishe kwenye jimbo anakoishi. Ohio ilimchagua Obama mwaka 2008, na mwaka 2012 ikamchagua tena. Baada ya hapo Clinton akashindwa Ohio kwa takriban pointi 8. Biden, mwanaume mzungu aliyechaguliwa hasa kwa sababu alionekana anauzika, naye akashindwa Ohio kwa takriban pointi 8, ingawa alishinda nchi. Harris akashindwa kwa takriban 11. Siku hiyohiyo seneta Sherrod Brown, mzungu, Mdemokrati, kipenzi cha vyama vya wafanyakazi, aliyekuwa amekaa Seneti miaka 18, alimzidi Harris kwa kura jimboni humo, na bado akaangushwa. Aliyemwangusha ni Bernie Moreno, Republican aliyezaliwa Bogotá, Colombia.

Muulize hayo anayasomaje. Akikuambia tofauti ya pointi 3 kati ya Biden na Harris ni rangi, mkubalie kwamba huenda sehemu yake ni kweli, kisha muulize zile 8 za Biden zilikuwa rangi ya nani. Na katika mchujo ujao, kwa kuwa Ohio humruhusu mpiga kura kuomba karatasi ya chama anachokitaka palepale kituoni, muulize angemchagua nani kama angekuwa anajipigia kura yeye mwenyewe, bila kumpigia mzungu wa Youngstown ambaye hajawahi kuongea naye. Mimi ningependa kusikia atakavyojibu. Ukiweza, niandikie.